Simba wa Mbele Hatoshi, Fungua Boneti



Wiki jana ndugu wawili wa kanisa letu hapa Free Area waliniita niwe shahidi. Mmoja anauza Peugeot 504 ya zamani, mwingine ananunua. (Wote wamenikubalia niandike haya.) Wa rika langu mnaijua 504. Ndiyo iliyotubeba Nakuru hadi Nairobi tukiwa tumebanana mpaka nyuma, na ndiyo Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka wa 1975. Ikiwa nzima kama ilivyotoka kiwandani, bei yake si mchezo.

Muuzaji alisema injini ni ya asili. Logibuku ilionyesha cc 1971. Mimi nilikuwa nishatoa kalamu, maana ndugu huyu namwamini.

Fundi wa mnunuzi hata hakumtazama yule simba wa mbele. Alitafuta nambari kwenye bloku, akakuta chuma kimesuguliwa kwa tupa. Akaomba ruhusa afungue silinda hedi, gasketi mpya iwe juu ya mnunuzi. Akapima. Upana wa silinda ulikuwa milimita 84, na pistoni ilitembea milimita 73. Injini ya 504 ya cc 1971 ni 88 kwa 81. Ile ya 84 kwa 73 ni cc 1618, ya Peugeot 404! Kifuniko cha juu unaweza kukihamisha na nambari unaweza kuifuta, lakini hivyo vipimo viwili vilisema ukweli.

Mpendwa, 404 si aibu. Ilishinda Safari miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Kubadilisha injini si dhambi pia. Unapeleka mabadiliko NTSA, logibuku inasahihishwa, unamwambia mnunuzi, na bei inashuka kidogo. Hapo kwa bei ndipo wengi wetu tunashikwa.

Soma Yoshua 9. Wagibeoni walikuwa majirani tu, lakini walikuja na viatu vya viraka, viriba vilivyopasuka na mkate wa ukungu, wakasema wametoka nchi ya mbali. Viongozi wa Israeli waliangalia mkate, hawakumwuliza Bwana. Siku tatu baadaye ukweli ulijulikana, na agano lilikuwa limeshafungwa kwa kiapo. Mimi ningekuwa kama wao, kalamu mkononi.

Kuna mtu aliniambia kwamba kumpimia ndugu injini ni kukosa upendo. Sikubali hata kidogo. Tumewaumiza watu wengi kanisani kwa hiyo lugha, kwa magari, kwa ploti, hata kwa ndoa. Anayepima anamlinda pia muuzaji, kwa sababu bloku iliyosuguliwa nambari inaweza kuwa ya wizi, na yeye ndiye atakayeulizwa na polisi.

Ndugu yetu anasema aliinunua hivyo hivyo. Inawezekana, na sitamhukumu. Lakini alikiri kwamba ile alama ya tupa aliiona siku nyingi, akanyamaza. Sasa anamtafuta aliyemuuzia, halafu tutaandamana naye mpaka kituo cha polisi aandikishe taarifa. Mnunuzi amesema bado anaitaka gari, kwa bei ya injini iliyomo.

Sijatia sahihi bado.