Msimbo wa programu uwe amana kwa nani?

Mwenye malori wa Kampala anataka kununua programu ya kusimamia safari, mafuta na ankara kutoka kwa vijana watano wenye ofisi Nairobi. Bei wamekubaliana. Kabla ya kutia saini anauliza swali moja: mkifunga ofisi mwakani, mimi nitabaki na nini?

Huo ni mfano tu, lakini swali lenyewe ni la kweli, na kampuni ndogo ya programu isiyo na jibu huweza kupoteza mkataba.

Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ianze kazi mwaka 2014, kodi za mizigo mingi hulipwa katika nchi inakokwenda kabla mzigo haujatoka bandarini. Maana yake ni kwamba programu ya wakala ikigoma, lori nalo hubaki Mombasa au Dar es Salaam likihesabiwa siku.

Kwa nini msimbo

Programu anayouziwa mteja huwa katika hali inayosomwa na kompyuta. Msimbo chanzo ni maandishi yale aliyoyaandika mtaalamu, na bila hayo ni vigumu mno kwa mtu mwingine kuirekebisha.

Marekebisho hayakwepeki. Nchini Kenya, VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, kisha ikarudishwa asilimia 16 Januari 2021. Mwezi huo huo wa Januari 2021, Uganda ilianza kuwadai wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT ankara za kielektroniki za mfumo wa EFRIS. Aliyekuwa na programu isiyo na fundi alibaki na kitabu cha risiti.

Dawa inayotumika duniani ni amana ya msimbo, ambayo wenye kompyuta huiita eskro. Pande tatu hutia saini: mtengenezaji, mnunuzi na mtunza amana. Mtengenezaji hukabidhi msimbo kwa mtunza, naye humpa mnunuzi pale tu masharti yaliyoandikwa yanapotimia, kama vile mtengenezaji kufilisika, kuacha biashara, au kushindwa kutoa matengenezo baada ya kuonywa kwa maandishi.

Mara nyingi jambo hili hutazamwa kwa upande wa mnunuzi. Hata hivyo, anayekabidhi mali yake yote ni mtengenezaji, na ndiye mwenye sababu kubwa ya kumchagua mtunza kwa uangalifu.

Asiwe wa upande wowote

Mtunza asiwe mwanasheria wa mnunuzi wala ndugu wa mtengenezaji. Siku ya ugomvi atashinikizwa na yule anayemlipa au anayekula naye.

Wengine huweka diski katika bahasha kwa wakili. Njia hiyo ni rahisi, lakini wakili hawezi kujua kama diski ina msimbo kamili au ina faili nusu. Mtunza anayestahili jina hilo ana mafundi wa kuhakiki: kwanza kama faili zote zipo na zinafunguka, kisha kama programu inaweza kujengwa upya kutokana na msimbo huo, na mwisho kama inafanya kazi. Kadiri uhakiki unavyokuwa wa kina ndivyo gharama inavyopanda, kwa hiyo mkataba useme mapema nani atalipa.

Aidha, muulize kila toleo jipya litamfikiaje. Amana ya miaka mitatu iliyopita haimsaidii mtu ambaye programu yake imebadilika mara kumi.

Masharti ya kufungua

Hapa ndipo wengi huumia. Sharti kama "huduma isiyoridhisha" ni hatari kwa mtengenezaji, kwani mteja aliyechelewa kulipa anaweza kulitumia kuchukua msimbo. Masharti yawe machache na yenye kupimika. Mnunuzi akidai amana, mtengenezaji apewe siku zilizotajwa za kupinga, na mtunza asitoe kitu hadi mzozo uamuliwe.

Isitoshe, mkataba useme mnunuzi atafanya nini na msimbo akiupata. Haki yake iwe kuutunza kwa matumizi ya kampuni yake, si kumuuzia mshindani wa Kigali.

Kuna pia suala la mufilisi. Nchini Marekani, kifungu cha 365(n) kilichoongezwa katika sheria ya ufilisi mwaka 1988 humlinda mwenye leseni ya programu pale mtengenezaji anapofilisika. Kifungu hicho ni cha Marekani. Anayenakili mkataba wa huko kutoka kwenye intaneti asidhani kuwa amenakili na sheria yake. Ni salama zaidi haki ya matumizi itolewe tangu siku ya kutia saini, ingawa msimbo wenyewe utakabidhiwa baadaye, na wakili wa nchi ya mtengenezaji ausome mkataba.

Mpaka na mzozo

Pande tatu zinapokuwa katika nchi tatu, wapi patakuwa mahakama? Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimejiunga na Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao hurahisisha uamuzi wa msuluhishi uliotolewa nchi moja kutekelezwa nchi nyingine. Kifungu cha usuluhishi, kinachotaja mji na lugha, kitawapunguzia wote wawili safari za mahakamani.

Programu nyingi siku hizi hazikai katika kompyuta ya mteja, bali katika seva za kukodi. Kwa programu hizo msimbo peke yake hautoshi. Mnunuzi atahitaji pia hifadhidata, funguo za seva na maelezo ya jinsi ya kuiwasha. Lakini hifadhidata ina majina na simu za madereva na wateja. Sheria za kulinda taarifa binafsi za Kenya na Uganda za mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimeweka masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Mtunza aliye Ulaya aulizwe atazihifadhi wapi.

Naye mtunza pia ni mfanyabiashara. Mwaka 2021 kampuni ya NCC Group ya Uingereza ilikinunua kitengo cha huduma hii cha Iron Mountain ya Marekani kwa dola milioni 220, na wateja wakajikuta na mtunza mwingine. Mkataba useme mtafahamishwa vipi, na mtaweza kuhamisha amana kwa muda gani.

Je, kila mtu anahitaji?

La. Kwa programu ya bei ndogo inayopatikana kwa wauzaji wengi, ada ya kila mwaka ya mtunza inaweza kuizidi faida. Hapo mnunuzi adai tu haki ya kutoa takwimu zake zote wakati wowote, katika faili inayofunguka kwingine.

Lakini kwa programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni moja, inayobeba ankara na nyaraka za forodha za kila siku, amana ni jambo la lazima. Mtengenezaji mwenye wateja kadhaa atafute mtunza anayekubali amana moja kwa wanufaika wengi, ili ada igawanywe. Na mwenye malori asiishie kuuliza kama msimbo umewekwa mahali. Aulize ni lini mara ya mwisho mtu wa tatu aliufungua, akaijenga programu, ikawaka.