Likizo Si Doria

Watumishi wengi wa jeshi na polisi hupewa likizo, lakini aghalabu ni mwili tu uendao mapumzikoni. Moyo hubaki kazini. Ndivyo ilivyokuwa kwa sajini mmoja wa polisi, mkazi wa kambi moja mjini Kampala, aliyepata siku saba za likizo mwezi wa Januari. Binti yake wa kwanza alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba, na mwezi uliofuata angekwenda shule ya bweni. Mke wa sajini aliomba jambo moja tu: kabla mtoto hajaondoka, familia nzima itembee kwa gari siku moja hadi ziwa Nabugabo, upande wa Masaka.

Sajini alikubali, ila alipanga matembezi hayo kama apangavyo doria. Kutoka Kampala hadi Masaka ni yapata kilomita 130, alisema. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, wangefika kwa saa moja na dakika 18. Mkewe hakubishana. Alichukua kalamu ya mtoto akapiga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 65, safari hiyo huchukua saa mbili kamili.

"Baba watoto," akasema kwa upole, "hizo dakika 42 unazotaka kuziokoa, utakwenda kuzitumia wapi?"

Jioni ile sajini alikagua breki na magurudumu, akaongeza maji na oili, akahakikisha jeki na gurudumu la akiba vimo. Mama alitayarisha chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Waliondoka kumekwisha kupambazuka.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mpambire, karibu na Mpigi, ambako mafundi huchonga magogo na kuyawamba ngozi ya ng'ombe kuwa ngoma. Mtoto mdogo alizipiga zote alizozifikia, na mafundi hawakumkataza. Binti alinunuliwa kingoma kidogo kinachoenea katika kiganja.

Huko Kayabwe walisimama kwenye mstari wa ikweta, penye duara mbili nyeupe kandokando ya barabara. Sajini alikuwa anatazama saa yake. Binti alikumbuka somo la jiografia: mzunguko wa dunia ikwetani ni zaidi kidogo ya kilomita 40,000, nayo hujizungusha mara moja kila siku.

"Baba, hapa tuliposimama dunia inatubeba karibu kilomita 1,670 kwa saa. Haraka yote hiyo haikutoshi?"

Sajini alicheka, akaivua saa na kuitia mfukoni.

Mbele yao ilikuwa Lwera, bonde la mafunjo na maji, ambapo wachuuzi huinua samaki juu ili wasafiri waone. Hapo pia ndipo mafuriko ya mto Katonga yalipoikata barabara mwezi wa Mei 2023. Mama alishuka kuuliza bei ya kamongo. Sajini alibaki kwenye usukani, kimya. Binti alipomwuliza sababu, alikawia kujibu, kisha akasimulia. Mahali palepale, asubuhi moja, aliwahi kuwatoa watu ndani ya gari lililogonga lori. Dereva alikuwa hakulala. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, alieleza, gari hula karibu mita 28 kila sekunde. Akisinzia dereva sekunde mbili tu, gari hujiendea zaidi ya mita 50 bila mwenyewe.

"Kumbe siku zile ulipokuwa huji nyumbani, ulikuwa huku?" binti akauliza.

"Siku nyingine nilikuwa huku," akajibu baba.

Miaka kumi na mitatu walikuwa wameishi nyumba moja, na hawakuwahi kuzungumza neno kama hilo.

Lukaya walinunua kuku wa kuchoma na gonja. Sajini aliwaeleza watoto kwamba mwezi wa Machi 1979 palipiganwa vita vikali mahali hapo ambapo leo wachuuzi hukimbilia magari wakiwa na mishikaki. Walipita Masaka, mji uliobomolewa sana katika vita hivyo na kujengwa tena, wakashika njia ya Bukakata hadi Nabugabo. Ziwa hilo dogo lilitengwa na Ziwa Viktoria kwa ukingo wa mchanga maelfu ya miaka iliyopita, ndiyo maana wamo samaki wasiopatikana kwingineko. Watoto walicheza ufukweni, na sajini akalala usingizi mtulivu chini ya mti. Saa nane waligeuza gari, wakafika nyumbani jua halijazama.

Baba na mama walio katika utumishi na watafakari jambo hili. Gari likaguliwe jana yake. Safari ianze mchana na iishe mchana. Dereva apumzike walau kila baada ya saa mbili. Nao watoto waachiwe nafasi ya kuuliza. Likizo hurudi kila mwaka, lakini mtoto akishakwenda bweni, hurudi nyumbani kama mgeni. Mwenda pole hajikwai.

Siku ya kufunga sanduku la shule, binti yule alianza kwa kuweka kingoma chake, ndipo akapanga sare.