Pikipiki ya zamani: usinunue mlio

Leo presha na sukari tunaziweka pembeni. Tangu hela ya pamba ianze kuingia mifukoni, meseji ninazopata ni za aina moja: "Dada nesi, kuna Honda XL ya mzee fulani, inawaka kiki moja, wanataka milioni na laki tatu, nichukue?" Mwingine kapata DT, mwingine AG iliyokuwa ya misheni. Badala ya kumjibu kila mtu peke yake naandika hapa, kwa vipande kama tulivyozoea.

Utasema nesi na pikipiki wapi na wapi. Ni kweli mimi si fundi, na fundi wako usimwache nyumbani. Ila kazi yangu ni kupokea watu. Kila anayeletwa amevunjika namuuliza, au namuuliza aliyemleta, ilikuwaje. Majibu nimeshayakariri: breki ilikataa, tairi lilipasuka, usukani ulivuta, taa haikumuona ng'ombe. Sijawahi kupokea mtu aliyevunjika paja kwa sababu ringi za pistoni zimechoka. Lakini mkienda kununua, mnachosikiliza ni injini tu. Ugomvi wangu na nyie uko hapo.

SEHEMU YA 1: "Mjapani hafi"

Sio uongo mtupu. Hizi XL 125, DT na AG 100 mnazoziona huku Kishapu hazikuja kwa bahati nasibu. Zililetwa kwa kazi: mabwana shamba, mabwana mifugo, mapadri na wachungaji, na wenzetu wa huduma ya mkoba waliofunga kiboksi cha chanjo nyuma wakaenda vijijini. AG 100 Yamaha waliitengeneza kwa ajili ya watu wa mashamba. Ndiyo maana ina stendi pande zote mbili, keria mbele na nyuma, na cheni iliyofunikwa. Anayeijua mbuga yetu nyeusi ikilowa anajua faida ya kifuniko hicho. Honda CG 125, iliyoanza miaka ya 1970, valvu zake zinasukumwa na vijiti badala ya kuendeshwa na cheni ya ndani. Walifanya hivyo makusudi ili injini imvumilie mtu asiyebadilisha oili kwa wakati. Wachina wakaona, wakainakili, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa nchini ni wajukuu wa injini hiyo.

Kwa hiyo kiwanda kilifanya kazi yake. Ila wewe hununui kiwandani. Unanunua kwa mtu wa tano au wa sita kuimiliki, baada ya miaka thelathini ya vumbi, magunia ya mpunga, petroli ya kwenye chupa za maji, na mafundi wa kila aina.

Na uzee peke yake hauna bei. Honda Cub ilianza kutengenezwa mwaka 1958, na ilipofika 2017 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 100. Kitu cha namna hiyo hakigeuki adimu kwa sababu cha babu yako kimekaa stoo.

SEHEMU YA 2: Ifike ikiwa baridi

Mgonjwa akimeza panadol nyumbani ndipo aje kupimwa joto, kipimajoto kitasema yuko salama. Muuzaji naye anajua dawa zake. Ukipiga simu kwamba unakuja, anaiwasha, inapata moto, wewe ukifika inawaka kwa kiki moja na unashangilia. Kabla ya kitu chochote weka mkono kwenye injini. Kama ni ya moto, kaa, omba maji ya kunywa, piga stori mpaka ipoe. Ukiambiwa "nilitoka kuchota maji" sawa, maji tumeyaona, tunasubiri.

Panadol nyingine ni oili. Anaweka oili nzito kupita kiasi, mlio wa kugongagonga unapungua na moshi unatulia kwa siku chache. Chomoa kijiti cha oili uishike kwa vidole. Ikiwa nzito kama asali wakati injini imeshapata moto, uliza maswali.

Moshi wenyewe usiusome bila kujua aina ya mgonjwa. DT na AG ni zile zinazochoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo moshi wa bluu kidogo kwao ni kawaida, na isiyotoa kabisa inanitia wasiwasi kwamba pampu ya oili imekufa au imefungwa. XL na CG hazichomi oili. Hizo zikitoa bluu ukivuta mafuta, ringi au valvu zimechoka na oveholi inakuja. Dalili ni ileile, ila kwa mmoja ni hali yake na kwa mwingine ni ugonjwa. Watu wanalichanganya hili kila siku, wanaiacha DT nzima na kubeba XL mgonjwa.

Kisha izime, bonyeza kiki polepole kwa mkono. Ikikukatalia vizuri halafu ikaachia, kompresheni ipo. Ikishuka kama inaingia kwenye uji, haipo. Toa plagi: kavu yenye rangi ya udongo ni nzuri, nyeusi yenye mafuta ni mbaya. Fungua tenki umulike na simu, kutu ya ndani itaziba kabureta kila wiki. Injini basi, tumemaliza. Mnaona ilivyo fupi?

SEHEMU YA 3: Kinachokusimamisha

Hapa sasa kaa vizuri. Muombe mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, wewe geuza usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukisikia unanasa katikati kama umeingia kwenye kishimo, golori za usukani zimekula njia yake. Pikipiki ya hivyo ikiwa mwendo wa kasi kwenye rafu ya changarawe haikusikilizi. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, kuna bushi au beringi imekwisha. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Nzima zinalia, iliyolegea inasema "tap".

Shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, ipanguse vumbi utafute ufa au uchomeleaji. Fremu iliyochomelewa shingoni kwangu haina bei kabisa. Hata ikiwa laki mbili. Mtakuja kuniambia fundi wenu anachomelea vizuri, najua, na mimi nimeshafunga vidonda vya waliosema hivyo.

Tairi lina tarehe, kama dawa. Tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Muuzaji atakuonyesha meno marefu, "ona, halijatembea". Halijatembea kwa sababu lilikaa juani miaka kumi likikauka. Likunje kwa vidole uone nyufa. Breki za ngoma nazo zinajieleza: mtu akibana, angalia ule mkono mdogo unaovutwa na waya pale gurudumuni. Ukilala sana kupita pembe mraba, ndani hakuna kitu kilichobaki. Na XL nyingi za zamani zina umeme wa volti 6. Taa yake usiku ni kibatari, na wewe unataka kwenda nayo Maganzo saa mbili usiku wakati ng'ombe ndio wanarudi. Jaribu taa gizani, sio mchana.

Sasa hesabu. Mpwa wa mwenzangu wa zamu ndiye aliyeletewa ile XL ya milioni moja na laki tatu. Aliuza dume moja, akaongeza na hela ya pamba. Tulikwenda na fundi siku ya gulio, akaandika kwenye karatasi: tairi mbili 110,000, cheni na meno yake 45,000, breki mbele na nyuma 20,000, golori za usukani 15,000, betri na nyaya 40,000, ufundi 50,000. Jumla 280,000, na injini hajaigusa. Hiyo 280,000 sio matumizi yako ya baadaye, inatoka kwenye bei leo. Watu wengi wananunua kwa bei kamili wakisema "nitarekebisha taratibu". Taratibu hiyo ndiyo inayoniletea kazi wodini. Hela imeisha kwenye kununua, kwa hiyo breki zinasubiri mavuno yajayo.

SEHEMU YA 4: Kadi ya marehemu

Kijana akasema sawa, bei inashuka, kadi iko wapi? Dalali akazungusha maneno. Mwisho tukapelekwa kwa mwenye mali, mama mtu mzima, mume wake alishafariki. Kadi ipo, safi, ina jina la marehemu. Tukaanza kuongea na mama pale chini ya mti, shikamoo, habari za nyumbani, ndipo akauliza kwa upole: "Wanangu, kwani hiyo laki tano na nusu mnaleta lini?"

Laki tano na nusu. Kwetu dalali alisema milioni moja na laki tatu. Dalali alikuwa amemwambia mama kwamba hilo ni chuma chakavu, spea hazipatikani, ashukuru akipata mtu. Kwa kijana alisema ni Mjapani halisi, hazitengenezwi tena. Chombo ni kilekile, na pande zote mbili hakuna aliyejua kuipima. Ndiyo sababu nasema kujua thamani sio mambo ya wanunuzi tu. Kuna akina mama wangapi huku wana pikipiki ya baba imefunikwa turubai, wakiambiwa ni takataka?

Jina la marehemu kwenye kadi halizuii mauzo ila lina njia yake: kikao cha ukoo, muhtasari, Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, ndipo TRA wabadilishe umiliki. Inachukua muda na nauli, na muda huo nao ni sehemu ya bei. Anayekuambia "we tembelea tu na kadi hivyohivyo" muulize siku watoto wa mke mwingine wakitokea utamuita nani. Zilizotoka mnada wa halmashauri au mradi, zile za namba za DFP, dai hati ya mauzo ya mnada. Namba ya chesisi imegongwa pale shingoni, isome mwenyewe kwa macho yako ulinganishe na kadi, halafu ya injini. Namba iliyosuguliwa ondoka, usiage hata. Madeni ya faini angalia kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya chombo, ni dakika moja.

Mwisho walikubaliana 900,000 moja kwa moja na mama, kwa maandishi mbele ya mtendaji. Laki sita na nusu ililipwa mahakama ilipomaliza, iliyobaki baadaye kidogo kwa sababu kijana hela ilikuwa imeshaanza kuliwa na ada za shule za wadogo zake. Dalali alipewa 50,000 yake kwa kuwakutanisha. Mpaka leo hanisalimii.

SEHEMU YA 5: Rangi mpya

Kuna mtu kaniandikia XL yake kaipiga rangi nyekundu inang'aa, kaiwekea injini ya Kichina, anataka milioni mbili kwa sababu "ni ya kale, wazungu wanatafuta". Kaka, samahani. Wanaotafuta pikipiki za kale, wawe Uingereza au wale wapenzi wa Vespa za zamani kule Zanzibar, wanalipia kile kilichobaki kama kilivyotoka: injini yenye namba ya kwenye kadi, tenki lake, mita yake, hata rangi yenyewe iliyopauka. Ukishabadilisha injini umebaki na pikipiki ya kutembelea. Ya kutembelea sio kitu kibaya, spea zake utazipata Shinyanga mjini siku hiyohiyo, na mimi ningemshauri mtu wa kazi aichukue hiyo kuliko kusubiri pistoni ya DT wiki tatu. Ila bei yake ni ya kutembelea, na marekebisho ya injini yaingizwe kwenye kadi.

Na rangi mpya kwangu ni bandeji. Lazima nifungue nione chini kuna nini. Iliyopauka ambayo kila kovu linaonekana nitailipia zaidi, kwa sababu haijanificha kitu. Tazama ncha za klachi, vikanyagio vya miguu na mpira wa kiki. Mita inaweza kusema kilomita elfu kumi na mbili, lakini kikanyagio kilicholika upande mmoja kinasema ukweli wake. Mita hizi za zamani zinakufa, zinabadilishwa, zinarudishwa nyuma. Sizisomi kabisa.

Kama una ya baba imefunikwa turubai, usiioshe kwanza wala usiipake kitu. Piga picha hivyohivyo ilivyo: injini pande zote mbili, shingo, tairi zote, ndani ya tenki. Weka hapa chini, ila kadi yake funika namba na jina. Nikitoka zamu ya usiku Alhamisi nitakaa na yule fundi tuzipitie moja moja. Sehemu ijayo ni helmeti, maana nimesikia kuna wanaouza zilizotumika.