Dawa ya Injini: Wanakuuzia Nini Hasa?

Haya, leo tuache kidogo mambo ya programu na seva. Nataka tuongee kuhusu kile kichupa ambacho makanika hukuonyesha ukienda kufanya sevisi. "Bosi, tuweke na hii dawa?" Jibu langu ni hapana. Si "labda", si "inategemea". Nashangaa kuona watu waliosoma, watu ambao hawapakui hata programu ya bure kabla ya kusoma maoni ya waliotangulia, wakikubali kumiminiwa kitu wasichokijua ndani ya injini ya gari la laki sita.

Kwanza kabisa, oili uliyonunua tayari ina dawa. Hili wauzaji wa vichupa hawalitaji kamwe. Oili ya injini si mafuta matupu: kati ya asilimia 10 na 25 hivi ya kile kilicho ndani ya galoni ni kemikali zilizochaguliwa kwa makusudi. Kuna sabuni ya kuzuia uchafu na asidi. Kuna kemikali za kushika masizi yaelee yasigande kwenye sampu. Kuna kiungo cha zinki na fosforasi ambacho hujenga utando juu ya chuma ili chuma kisisagane na chuma. Kuna kizuia povu, kizuia kutu, na polima za kuzuia oili isiwe nyepesi kama maji ikipata joto.

Vitu hivi vyote vinapimwa kwa pamoja, na hapa ndipo mwanaprogramu anaelewa haraka kuliko mtu mwingine. Kadhaa kati ya kemikali hizo hugombania nafasi juu ya chuma kile kile. Ukiongeza moja kupita kiasi unaweza kuisukuma nyingine. Oili ya daraja la API SP, daraja lililoanza mwaka 2020, imepitia majaribio ndani ya injini halisi ikiwa mchanganyiko mmoja kamili. Sasa wewe unachukua mfumo uliopita majaribio yote, unauongezea maktaba ya mtu usiyemjua, isiyo na maelezo, halafu unaupeleka moja kwa moja kwa wateja bila kuujaribu tena. Kazini ungefutwa!

Mfano mdogo. Oili za API SP nyepesi, kama 0W-20 na 5W-30, fosforasi yake imewekewa mpaka: isizidi asilimia 0.08. Sababu ni kwamba fosforasi huharibu kile chombo cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. (Najua, wengine wenu chombo hicho kiling'olewa na kuuzwa zamani. Hiyo ni makala nyingine.) Kichupa kinachojisifu kwa zinki nyingi kinavuka mpaka huo, na kwenye lebo hukuti onyo.

Wale wa umri mkubwa kidogo katika fani yetu watakumbuka SoftRAM95, programu ya mwaka 1995 iliyodai kuongeza kumbukumbu ya tarakilishi bila kununua chipu. Ilinunuliwa na watu mamia ya maelfu. Wataalamu walipoifungua wakakuta haifanyi kile ilichoahidi. Mwaka 1996 ikafika mbele ya FTC, tume ya Marekani inayosimamia biashara. Mwaka huo huo tume hiyo hiyo ilikuwa inawashughulikia wenye Slick 50, dawa maarufu ya injini yenye PTFE, yaani ile ile Teflon ya sufuria. Matangazo yalidai kwamba injini bila dawa hiyo inasagika kila unapoiwasha asubuhi. FTC ikasema hapana, injini nyingi zinalindwa vya kutosha na oili peke yake. Mwaka 1997 kampuni ikakubali kuacha madai hayo.

Kesi ya zMax inatisha zaidi. FTC ilifungua mashtaka mwaka 2001 ikidai kwamba katika jaribio moja, oili yenye dawa hiyo ilikula beringi zaidi ya mara mbili ya oili bila dawa, na kwamba matokeo hayo mabaya hayakuonyeshwa wanunuzi. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 2003. Na ukitaka jaribio la barabarani, jarida la Consumer Reports lilifanya moja na teksi za New York, likatoa matokeo mwaka 1996. Teksi 75, kila moja ikatembea takriban kilomita 96,000, kisha injini zikafunguliwa na kupimwa. Dawa zilizojaribiwa hazikuonyesha faida yoyote. Teksi, ndugu zangu, ambazo kazi yake ni kama ya matatu zetu.

"Lakini mimi niliweka na injini ikatulia!" Najua, nasikia hili kila mara. Uliiweka lini? Siku ya kubadilisha oili. Oili nyeusi ya kilomita elfu kumi imetoka, mpya imeingia, filta mpya, na kichupa juu yake. Umebadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja, halafu sifa zote umempa wa mwisho. Isitoshe, dawa nyingi ni polima nzito tu. Zinaongeza mnato, na oili nzito hupunguza kelele. Ukifunika king'ora kwa blanketi, moto haujazimika.

Na ile mashine ya maonyesho, yenye gurudumu linalozunguka na chuma kinachokandamizwa juu yake? Inapima mgandamizo mkali ambao beringi za injini yako hazikutani nao, kwa sababu zenyewe huelea juu ya utando wa oili inayosukumwa na pampu. Kiungo cha klorini kitashinda shindano hilo kwa urahisi, na klorini hiyo hiyo inaweza kugeuka asidi ndani ya injini.

Nakubali kuna wachache wenye hoja: mwenye Beetle au Peugeot 504 ya zamani, ambayo kemshafti yake inahitaji zinki zaidi ya ile iliyo katika oili za leo. Hata huyo ni heri atafute oili iliyotengenezwa kwa injini hizo.

Ninyi wengine wenye Vitz na Fielder, fungueni kitabu cha gari. Kinataja 0W-20 au 5W-30, na gereji ngapi humwaga 20W-50 bila kuuliza? Vali za injini hizo hurekebishwa wakati kwa mgandamizo wa oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Pesa ya kichupa iongezeni kwenye oili sahihi kutoka duka mnaloliamini, maana oili bandia ipo mitaani, na kwenye filta ya kweli.

Jambo la mwisho, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Dawa nzito ndiyo rafiki wa muuza gari mwenye injini iliyochoka. Anamimina jioni, kesho yake gari halitoi moshi, haligongi, na wewe unahesabu noti. Ukienda kuangalia gari, mwambie asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini uhakikishe ni baridi. Chomoa kile kijiti cha kupimia oili: ikining'inia kama asali, uliza maswali. Washa, liache lingurume dakika kumi, kisha mtu akanyage mafuta huku wewe umesimama nyuma ukitazama kama kuna moshi wa rangi ya buluu. Halafu makanika wako mwenyewe, si wake, apime kompresheni ya kila silinda. Akikataa kupimwa, rudi nyumbani na pesa zako.