Nyumba Uliyozaliwa, Picha Yake Iko Wapi?

Fungua albamu ya nyumbani. Utaona harusi, ubatizo na matembezi ya Uhuru Park. Je, nyumba mliyolelewa iko wapi?

Swali hili si la mzaha. Nyumba kuukuu za Pangani zilibomolewa mwaka wa 2020 kupisha maghorofa. Bahati, Maringo, Jericho na Ziwani pia imo katika mipango ya kujengwa upya.

Leo jioni nenda Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 wenye kuta za mawe na vigae vyekundu. Usiusahau ukumbi wake, uliopachikwa jina House of Commons kwa ajili ya siasa zilizochemka humo enzi za mkoloni.

Saa kumi na moja ni wakati mzuri: jua la ubavuni hufichua kila ufa na kila rangi iliyobanduka. Piga hodi kwanza, uombe ruhusa. Mama akiwa ameketi mlangoni, mwombe abaki papo hapo. Nyumba bila watu ni mawe tu.

Kisha safisha picha, na nyuma yake uandike mtaa, nambari ya nyumba na tarehe. Ukiziacha ndani ya simu, siku simu itakapoibwa zitakwenda nayo. Tingatinga nalo halibishi hodi.