30 Juni: Adui wa inje aliingia na mlango wetu wenyewe



Kila 30 Juni tunasikia hadithi moja tu: tulipata uhuru mu 1960, halafu wazungu wakatuharibia. Hiyo hadithi ni ya kweli. Lakini ni nusu, na kwa nusu ya ukweli hatutajenga inchi.

Tuanze na ile nusu tunajua. Mu Januari na Februari 1960 wanasiasa wetu walikaa na Wabelgiji ku Bruxelles, wakapatana kama uhuru utakuja 30 Juni. Miezi karibu tano tu ya kutayarisha inchi kubwa hivi! Ubelgiji ilitutawala tangu 1908, na mbele yake Leopold II alitufanya shamba lake. Pamoja na hiyo miaka yote, Wakongomani wenye diplome ya univasite hawakufika hata makumi matatu. Mu jeshi, ile Force Publique ya askari karibu 25.000, hakukuwa ofisa Mkongomani hata mmoja.

Tarehe 11 Julai, siku kumi na moja kisha sherehe, Moïse Tshombe akatangaza kama Katanga imejitenga. Kodi ya Union Minière, kampuni ya shaba, ikaenda kwake pahali pa kuingia ku Léopoldville. Askari wa Ubelgiji wakamulinda. ONU ilikuja, lakini Katanga ilirudi tu mu Januari 1963. Lumumba, Mpolo na Okito walikuwa wameshauawa kule kule, 17 Januari 1961. Mu 2002 serkali ya Ubelgiji yenyewe iliomba musamaha.

Sasa ile nusu ingine, ile hatupendi kusema.

Ni nani alifungua mlango? Mu zile siku za kwanza mawaziri walipata vyeo na magari. Wabunge wakajiongezea mishahara. Lumumba alikuwa kati ya wachache walikataa. Na askari je? Yeye alibaki na cheo chake cha zamani, chini ya ofisa yule yule mzungu. Jenerali Janssens aliwaambia waziwazi kama kisha uhuru itakuwa sawa na mbele ya uhuru. Tarehe 5 Julai askari wakaasi, ku Léopoldville na ku Thysville. Serkali iliwapandisha vyeo, lakini moto ulikuwa umeshawaka, na raia wasio na kosa waliteswa. Tarehe 10 Julai Ubelgiji ikatuma jeshi, eti kulinda watu wake. Kesho yake Tshombe akasema anakimbia fujo.

Mumeona vile mambo yanafuatana? Njama ya inje ilikuwako, lakini ilihitaji sababu ya kuingilia. Sisi njo tuliitoa.

Na hatukuishia hapo. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu akamufukuza Lumumba ku redio. Lumumba naye akatangaza kama amemufukuza Kasa-Vubu. Tarehe 14, Mobutu, kolonel Lumumba mwenyewe alimupa kazi ya kuongoza etat-major, akawaweka wote wawili kando. Mu Januari, wakubwa wa Léopoldville, Wakongomani wenzetu, wakamupakia Lumumba mu ndege kumupeleka kwa maadui wake. Bruxelles ilisukuma, lakini mikono ya kufunga kamba ilikuwa yetu.

Wengine watasema tunawatetea wakoloni. Hapana. Mwizi ni mwizi hata akikuta mlango wazi, na tutaendelea kumushitaki. Lakini mwenye nyumba anashitaki mwizi na tena anatengeneza mlango. Sisi tangu 1960 tunashitaki tu.

Leo ni vile vile. Wataalamu wa ONU wameandika mara nyingi kama Rwanda inasaidia M23. Goma ilianguka mu Januari 2025, Bukavu mu Februari. Huyo adui tunamutaja kwa jina lake. Lakini tunauliza pia: askari aliye mbele anakula nini? Mshahara wake unafika wote, ao unapungua njiani? Mbunge wake anapata mara ngapi kumushinda? Na wanasiasa wetu, wakigombana, bado wanakimbilia miji ya wageni kutafuta mwamuzi?

Kwa hiyo hii 30 Juni tunaomba kila mmoja kitu kimoja. Ukikutana na mbunge wako, usimuombe fulana wala bia. Umuulize mambo mawili: unapata pesa ngapi kila mwezi, na umefanya nini ili askari alipwe? Akikasirika, uulize tena, mukiwa wengi, bila kurusha hata jiwe.

Lumumba alikufa akiwa na miaka 35. Sisi vijana hatuna sababu ya kungojea tuzeeke njo tuulize.