Kifaru cha katoni pia ni kifaru

Wasee, leo najishtaki mwenyewe.

Kuna Jumamosi moja, pale tunachezeanga Warhammer 40,000, alikuja kijana wa form two na kifaru amejitengenezea. Mwili ni pakiti ya maziwa, ile ya UHT, ameikata akaigeuza ndani nje. Magurudumu ni vifuniko vya soda, mzinga ni kalamu imetolewa wino. Ameipaka rangi ya kijani lakini pembeni ile fedha ya pakiti inachungulia. Akaniuliza, "Bro, naeza weka hii kwa meza?" Na mimi, mtu mzima, nikamjibu ati hapa tunatumia modeli orijino pekee. Akairudisha kwa bag ya shule polepole, ndio vifuniko visitoke. Akatazama gemu moja amesimama, akaenda. Hajawahi rudi.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikisoma historia ya hii gemu, na venye nazidi kusoma ndivyo naona nilikuwa fala.

Kwa wale hawajui: Warhammer 40,000 ni gemu ya vita vya anga za mbali inayochezwa mezani, si kwa simu. Una jeshi la askari wadogo wa plastiki unaounda na kupaka rangi mwenyewe, una dadu, una tepu ya kupimia. Inatengenezwa na Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, na ilitoka 1987. Sasa skiza. Ikiwa ndio imeanza, gemu ilikuwa na magari ya vita kwa sheria lakini plastiki ya kuyajenga haikuwa imetoka. Unajua kampuni ilifanya nini? Walichapisha maelekezo ya kuunda kifaru kinachoelea hewani kutoka kwa kikopo cha diodoranti. Diodoranti, ile ya kupaka kwapani! Unachukua kikopo, unabandika vipande vya modeli zingine, unapiga rangi, unaenda vitani. Hii si hadithi ya mtaa fulani maskini. Ni wenye gemu wenyewe.

Gari lao la kwanza la plastiki lilitoka 1988, la kubeba askari. Jina lake? Rhino. Yaani Waingereza walizunguka hadi mwaka wa 40,000 wakafika mahali Kiswahili kilikuwa kimeshafika: gari la vita ni kifaru. Hiyo nilicheka peke yangu usiku.

Basi hapo ndipo vifaru vikaanza kuongezeka. Forge World, tawi la hiyo hiyo kampuni, likawa linatoa vitabu vya Imperial Armour, sheria na picha za magari makubwa ya rezini. 2007 ikaja nyongeza ya Apocalypse, ya vita vikubwa, pamoja na Baneblade ya plastiki, kifaru kikubwa hadi askari wako wanakaa siafu kando yake. Ni kizuri, sitadanganya. Ukinipatia leo nitakikumbatia. Lakini bei yake inalipa bedsitter yangu mwezi mzima, na bado hujaongea na watu wa kusafirisha na ushuru. Halafu Desemba 2013 wakaleta Escalation. Kabla ya hiyo, vile vifaru vya kutisha vilikuwa vya siku maalum, mnakubaliana kwanza. Escalation ikasema vinaweza kuingia kwa gemu ya kawaida. Kwa hivyo wewe umekuja na askari wako wa miguu umepaka rangi miezi mitatu, mwenzako anatoa kitu kimoja kwa boksi, na raundi ya pili unaokota maiti.

Shida yangu na nyongeza za vifaru iko hapo. Zilianza kama sheria za kile umejenga. Zikageuka kuwa sheria za kile umenunua.

Na tuongee sheria kidogo, ju hapa ndio utamu. Kuanzia 1998 hadi 2017, kila gari lilikuwa na namba tatu za chuma: mbele, kando, nyuma. Unarusha dadu, unajumlisha na nguvu ya silaha. Ukilingana na namba umekwaruza, ukipita umepenya. Chukua Leman Russ, kifaru cha kawaida cha Imperial Guard. Mbele 14, nyuma 10. Lasgun, bunduki ya askari wao wa kawaida, ina nguvu 3. Hata ukipata sita inafika 9, na hakuna gari liko chini ya 10. Mtoto wa watu anaweza kupiga hadi kesho. Lakini guruneti ya krak ina nguvu 6. Mbele ya kifaru ni bure, 6 na 6 ni 12. Nyuma ya kifaru? Dadu ya nne inakwaruza, tano na sita zinapenya. Askari wa bei ya chini, akizunguka vizuri, anaua kifaru cha mdosi. Ulilazimika kufikiria umesimama wapi na umegeuza mgongo kwa nani.

2017, toleo la nane, wakafuta hiyo yote. Kifaru kikapewa ugumu na idadi ya majeraha kama askari yeyote, na sita ya kujeruhi ikawa inajeruhi kila kitu. Sai lasgun inaweza kukwaruza Land Raider, ikiwa na bahati na mwenye kifaru akikosa kujiokoa. Wengi walifurahi, gemu inaenda haraka. Mimi nasema walitoa roho ya vifaru. Umegeukia wapi si muhimu tena kwa chuma chako, wewe ni mfuko wa majeraha tu. Na angalia kitu ya ajabu: sheria zimeacha kujali umbo la kifaru, sisi wachezaji ndio tumezidi kujali kimetoka duka gani.

Kuna hoja moja ya upande wa pili naiheshimu. Kwa hii gemu, kuona adui ni kuona kweli: unainama, unaangalia kutoka kwa modeli yako, kama unaona unapiga. Kwa hivyo msee akijenga kifaru kidogo kuliko kile halisi, anajificha nyuma ya ukuta mahali hangefaa kujificha. Huo ni wizi. Lakini dawa yake ni rula. Vipimo vya modeli halisi unapata, mwambie ajenge urefu huo na kimo hicho, mzinga ukae mahali pake. Dakika tano. Mimi sikumpimia yule kijana hata kwa macho.

Na mashindano ya kampuni yenyewe yanataka modeli zao, sawa, ni nyumba yao. Sisi tunacheza kwa meza ya plastiki na majumba ya katoni. Majengo yote tunayopigania ni boksi za viatu! Hakuna siku mtu amesema ukuta si orijino. Halafu nyinyi wa printa ya 3D, mnajijua, nusu ya jeshi lenu limetoka kwa faili ya bure na siku hiyo mlinyamaza mkiangalia dari.

Tena ziko gemu zimeshaelewa hii maneno. Gaslands, ilitoka 2017, inataka magari madogo ya kuchezea, yale ya saizi ya Hot Wheels, unabandika bunduki juu unaanza. Grimdark Future ya OnePageRules inakupa sheria bure na haiulizi modeli imetoka wapi. Ukiwa huna pesa ya kuanza, anzia huko, usinisubiri mimi.

Lakini wacha niseme kwa nini nilikataa, ju si sheria. Niliacha campus mwaka wa pili, na doh ya kwanza ya maana nilipata kwa hii kazi ya video nilinunua Leman Russ. Moja. Nilikula chapo na maharagwe wiki tatu nikingoja ifike. Nilikata plastiki mikono ikitetemeka nisiharibu. Sasa anatokea mtoto na pakiti ya maziwa, na kusema ukweli kifaru chake kilikuwa na uhai kuliko changu. Alikuwa amechora namba ya nyumba yao ubavuni. Niliona kama akiruhusiwa, mimi nilikula maharagwe bure. Nilitaka naye aumie kwanza.

Wiki hii nimeunda changu. Kikopo cha diodoranti, cha kwangu mwenyewe, nimekiosha mara nne na bado kinanukia kwapa la jana. Nyimbo za pembeni ni vijiti vya aiskrimu, mnara wa juu ni kifuniko cha dawa ya meno. Nimepima kwa rula nikakuta kimezidi kimo kidogo, kwa hivyo kitaonekana na kila mtu. Nimebandika namba ya mlango wangu ubavuni.

Kama unamjua yule kijana, ni mrefu kiasi, bag ya bluu, mwambie Jumamosi saa nane. Meza ya dirishani nimemwekea. Alete kifaru chake, ageuze mbele kwangu, na tutatumia zile sheria za zamani za namba tatu.